Moyo Ukisimama, Fahamu Huwa Wapi?

Katika baadhi ya hospitali za Uingereza, Marekani na Austria, ziliwahi kupachikwa rafu ndogo karibu na dari kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Juu ya rafu iliwekwa picha iliyoelekea darini. Mgonjwa kitandani hawezi kuiona, wala daktari anayemkandamiza kifua, wala muuguzi anayekimbia na sindano. Ataiona tu anayetazama kutoka juu. Dkt. Sam Parnia, mtafiti wa kuwarudishia uhai waliosimama moyo, na wenzake walifanya hivyo kwa sababu wapo watu waliozinduka baada ya moyo kusimama ambao husimulia kwamba walielea, wakauona mwili wao umelazwa na madaktari wakihangaika nao. Kama kweli walikuwa juu, basi angalau mmoja aitaje picha.

Matokeo yalitoka mwaka 2014. Visa 2,060 vya moyo kusimama vilifuatiliwa, wakanusurika watu 330, wakahojiwa 140. Wawili walieleza waliyoyaona na kuyasikia wakati wakihudumiwa, na masimulizi ya mmoja yalilingana na yaliyotokea chumbani, hadi sauti ya mashine ya kushtua moyo. Lakini chumba hicho hakikuwa na rafu. Utafiti wao wa pili, uliochapishwa 2023, ulitumia kompyuta ndogo iliyoonyesha picha na vipaza sauti vya masikioni vilivyotaja majina ya matunda. Kati ya 28 waliohojiwa hakuna aliyetaja picha. Mmoja alitaja matunda.

Wanaoamini kuwa fahamu inaweza kukaa nje ya ubongo hawakukata tamaa, na hoja yao ina uzito. Damu ikiacha kufika kichwani, umeme wa ubongo huzimika ndani ya sekunde chache. Kumbukumbu iliyo wazi namna ile imetoka wapi? Pim van Lommel, daktari wa moyo kutoka Uholanzi, alichapisha mwaka 2001 katika jarida la Lancet utafiti wa wagonjwa 344 waliorudishiwa uhai. Waliosimulia mambo ya aina hii walikuwa 62, yaani asilimia 18. Swali lake ni gumu: kama chanzo ni ukosefu wa oksijeni, mbona wote waliikosa, na wachache tu ndio wenye la kusimulia?

Upande wa pili hujibu kwamba kumbukumbu haibebi saa. Aliyezinduka hawezi kujua kama aliyoyaona yaliingia moyo ulipokuwa umesimama, au sekunde za mwanzo fahamu zikipotea, au pale zilipoanza kurejea. Tena kujiona kutoka juu hakuhitaji kifo. Mwaka 2002 huko Geneva, daktari wa ubongo Olaf Blanke na wenzake walipitisha umeme kidogo kwenye sehemu ya ubongo, upande wa kulia, wa mwanamke mwenye kifafa. Akasema anajiona kutoka juu amelala kitandani. Moyo wake ulikuwa ukidunda vizuri. Naye Jimo Borjigin wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha mwaka 2013 kwamba ubongo wa panya hulipuka kwa mawimbi ya umeme ya kasi katika sekunde 30 za kwanza baada ya moyo kusimama. Mwaka 2023 akaleta rekodi za wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia, na wawili kati yao walikuwa na mlipuko kama ule.

Hapo ndipo baadhi ya wapenda sayansi hukimbilia kufunga mjadala, nami siwafuati. Wale wawili walifariki. Hakuna aliyewauliza waliona nini, wala kama waliona chochote. Mawimbi kwenye karatasi yanatuambia ubongo ulikuwa ukifanya kazi; kwamba ndani yake kulikuwa na mtu anayehisi ni jambo jingine, na ndilo hasa tunalolitafuta. Mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1998, akitabiri kwamba baada ya miaka 25 sayansi itakuwa imeshabaini bila utata alama za fahamu katika ubongo. Muda ulipotimia mwaka 2023, Koch alikiri hadharani kuwa ameshindwa na akalipa dau lake la mvinyo. Kushindwa kwake hakuthibitishi roho. Kunathibitisha kuwa swali bado liko mezani.

Kwa upande wa roho, hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba ubongo ni kama redio: ikiharibika muziki hukatika, lakini mtangazaji yupo studio. Inavutia, ila haifiki mbali. Redio mbovu hukwaruza sauti tu, haimfanyi mtangazaji mpole kuwa mkali. Aliyemuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau anajua kwamba ubongo ukiharibika hubadilika hata tabia, haya na mapenzi yake. Mwenye kutumia mfano wa redio anadaiwa maelezo hapo.

Na kuna jambo linanisumbua zaidi: waumini wanaosambaza ushuhuda wa "alikufa akarudi" kana kwamba ndio nguzo ya imani. Moyo kusimama kwa dakika kadhaa si kifo kamili, si kwa madaktari wala kwa vitabu vyenyewe. Qur'ani, katika sura ya Al-Muuminun, inataja kizuizi, barzakh, nyuma ya waliokufa mpaka siku ya kufufuliwa. Luka sura ya 16 inataja shimo kubwa lisilovukika kati ya tajiri na Lazaro maskini. Yule Lazaro mwingine, wa Bethania, alitoka kaburini baada ya siku nne, na Injili ya Yohana haikunukuu hata neno moja la aliyoyaona huko. Imani hizi hazikuwahi kuegemea ripoti za safari. Anayezipeleka mahakamani kwa shahidi wa rafu na picha anazipeleka kwenye kesi ambayo hazikuifungua, na shahidi huyo hadi sasa hajaiona picha.

Mahali ninapoona pande hizi zinakutana kwa kweli ni kando ya kitanda. Mwaka 2006 mwanasayansi wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimpima kwa mashine ya kupiga picha za ubongo mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu kabisa. Walimwambia afikirie anacheza tenisi, na ubongo wake ukaitikia sawasawa na wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 utafiti wa nchi kadhaa ulikuta hali hiyo kwa wagonjwa 60 kati ya 241 waliokuwa hawaitikii amri yoyote kwa mwili. Huko Vancouver, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kuwa ubongo wa baadhi ya watu walio katika saa zao za mwisho, wasiojibu tena chochote, bado unapokea sauti.

Waislamu humlakinia shahada anayekata roho, yaani humtamkia ili aifuatishe, na kumsomea Yasin. Wakatoliki humpaka mafuta na kusali kwa sauti. Desturi hizi zimemchukulia mgonjwa kuwa yupo na anasikia, karne nyingi kabla ya mashine. Na bado, katika wodi zetu, ndugu na hata watumishi husimama juu ya kichwa cha mgonjwa wakisema huyu hafiki asubuhi, au wakibishana nani atagharimia jeneza. Mashine za kupima kama za Owen wengi wetu hatutazifikia leo wala kesho. Kama mgonjwa mmoja kati ya wanne anaweza kuwa anafuatilia, mabishano ya jeneza yana nafasi yake nje, kwenye korido, na anayebaki chumbani amtaje mgonjwa kwa jina lake, amwambie ni nani amekuja na nini kinafanyika mwilini mwake.