Kibarua wa siku kwa miezi mitano

Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga akiletewa dai la ajali, neno la kwanza analomwambia wakili karibu kila mara ni hili: "Huyo si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu." Utetezi huo unapendwa kuliko wote Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe hadi machimbo ya Chunya. Kwa maoni yangu ndio dhaifu kuliko wote, na wakili anayeuandika kwenye majibu bila kwanza kuomba daftari la mahudhurio anamharibia mteja wake.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inataja mambo saba. Likithibitika moja tu, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Moja ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 hazifiki hata siku sita za saa nane. Jingine ni kupewa vifaa vya kazi, na sijui ni kibarua gani anayekuja kazini na mtambo wake wa kupasua mbao mgongoni.

Kisha lifungue daftari la nyapara. Jina lilelile lipo Machi, Aprili, mpaka Julai, pembeni idadi ya mbao alizopasua na malipo ya juma. Daftari likipotea (na baada ya ajali madaftari hupotea kwa wingi wa kushangaza), miamala ya simu ipo: kila Jumamosi pesa imetoka namba ileile ya nyapara. Kibarua wa siku kwa miezi mitano ni mwajiriwa, utake usitake.

Kinachosikitisha ni kwamba vita yenyewe mara nyingi haina maana. Tangu Julai 2015 waajiri wa Tanzania Bara wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wa sekta binafsi, ulioanza na asilimia 1 ya mshahara, umeshuka hadi asilimia 0.5. Anayelipa matibabu na fidia ni Mfuko, na hauulizi nani mzembe. Unauliza kama ajali imetokana na kazi na imetokea kazini. Mwajiri anayeandika kurasa tatu za uzembe wa mtu aliyekatika vidole anajibu swali ambalo hajaulizwa.

Maswali anayopaswa kuyajibu yana muda wake wa mwisho. Taarifa ya ajali, fomu ya WCN-1, inatakiwa ifike Mfukoni ndani ya siku saba tangu mwajiri alipojua, na dai lenyewe ndani ya miezi 12. Siku hizo saba ndizo zenye kazi ya kweli ya utetezi: kupiga picha mashine kabla haijaguswa, kuchukua maelezo ya mashahidi wawili au watatu kila mmoja peke yake, kuweka nakala ya cheti cha hospitali ya kwanza, hata kama ni zahanati ya kijijini. Maelezo yaliyoandikwa miezi mitatu baadaye kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, mashahidi wanne wakitumia sentensi zilezile, yanajulikana kwa macho.

Halafu kuna mshahara. Fundi analipwa 400,000 kwa mwezi, lakini mwajiri ameuambia Mfuko ni 200,000. Kwa asilimia 0.5 mwajiri ameokoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Fundi akiumia, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mapato, na yanaweza kwenda hadi miezi 24. Asilimia 70 ya 400,000 ni 280,000. Ya 200,000 ni 140,000. Pengo la 140,000 kwa miezi 24 ni shilingi 3,360,000, na mfanyakazi atajua wa kumdai. Hapo hatujagusa kosa la kutoa taarifa za uongo. Buku moja hilo!

Utetezi wa utovu wa nidhamu wa makusudi upo kisheria, ila mlango wake ni mwembamba: ukifanikiwa, bado hauzuii fidia pale mtu alipopata ulemavu mkubwa au alipofariki na kuacha wategemezi. Viwandani huwa unakwama kwenye picha. Mwajiri anasema opereta alitoa kinga ya msumeno kwa ukaidi wake. Picha ya siku ya ajali inaonyesha kinga imetundikwa kwenye msumari ukutani, juu yake vumbi la mbao unene wa kidole na utando wa buibui. Ilitolewa zamani kwa sababu magogo mabichi yanaibana na kazi inachelewa, na nyapara alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi. Ukaidi gani huo ambao uongozi uliutundikia msumari?

Usafiri nao unawapoteza wengi. Mtu akigongwa akitembea kwenda kazini, kuna cha kubishania. Akianguka kutoka lori la kampuni linalowapeleka wafanyakazi msituni Sao Hill bila nauli, sheria inamhesabu kuwa yuko kazini tayari.

Ambako wakili wa mwajiri anahitajika kweli ni baada ya matibabu, mtu anaporudi na mkono mmoja. Wengi huandika barua ya kuachisha siku hiyohiyo. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mwajiri apime kiwango cha ulemavu, azungumze na mhusika, na atafute kazi nyingine anayoiweza: kuhesabu mbao, stoo, getini. Aliyeumia kazini anastahili juhudi zaidi ya aliyeugua nyumbani. Mazungumzo hayo yaandikwe, yasainiwe, hata yakiisha kwa kukosa nafasi. Mfanyakazi ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mzigo wa kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa halali ni wa mwajiri. Barua yenye tarehe ambayo mtu alikuwa bado wodini haina wakili wa kuisafisha. Hapo tunakwenda kwenye usuluhishi kujadili kiasi cha kulipa.