Mississippi Nimeuvuka kwa Miguu, Zigi Sijui Unaanzia Wapi

Aliyeniuliza ni binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa amesimama katikati ya Mississippi, maji yanamfika magotini, viatu kavishika mkononi. "Mama, na mto wa kwenu unaanzia wapi?" Mto wa kwetu ni Zigi, mkoani Tanga, Tanzania. Nilikosa jibu, na tangu Jumapili ile sijatulia.

Tulikuwa kwenye hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mwendo wa saa nne hivi kutoka Minneapolis. Hapo ndipo mto ule tuliousoma kwenye jiografia unapotoka ziwani, na upana wake hauzidi barabara ya lami ya Muheza kwenda Tanga. Watu wanauvuka kwa kukanyaga mawe. Bibi mmoja alishikwa mkono na wajukuu wawili huku na huku, akafika ng'ambo akilia kwa furaha. Pembeni limesimama gogo lenye maandishi kwamba kutoka pale maji yanasafiri maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko.

Tulikodi RV, lile gari lenye nyumba ndani, kwa siku tatu. Mume wangu alihangaika nusu saa kuweka vipande vya mbao chini ya matairi ili gari likae sawa, tukachomeka umeme kwenye kiguzo, nikabandika chai. Misonobari imetuzunguka, mingine ina umri wa zaidi ya miaka 200. Simu haikamati mtandao. Ikifika saa nne usiku kelele ni marufuku, na kweli watu wananyamaza, unabaki kumsikia ndege wa ziwani akilia kama mtu aliyefiwa. Mimi nafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Sikumbuki lini mara ya mwisho nililala vile.

Kiingilio cha gari kilikuwa dola 7 kwa siku, au 35 kwa mwaka mzima. Nafasi ya kuegesha RV tuliilipia mbali. Waliokuwa pale si matajiri: mafundi bomba, walimu, madereva wastaafu. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu wa kawaida wa huku anaujua msitu wake, amelala ndani yake, baba yake alimpeleka na yeye anapeleka wanawe.

Mimi nimezaliwa Muheza. Milima ya Amani, huko Usambara, nilikuwa naiona nikifua uani. Sekondari nimesoma Tanga mjini, na maji niliyokunywa miaka minne yalitoka mto Zigi, unaoshuka kutoka milima hiyohiyo. Mpaka napanda ndege kuja huku, sikuwahi kulala Amani hata usiku mmoja.

Najua mtakachosema. "Umeona nyasi za Marekani, sasa kwenu kunanuka." Hapana, ndugu zangu. Kwa utajiri wa msitu, Itasca haiifikii Usambara hata robo. Kwetu kuna mimea na vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tulichonacho nakijua na najivunia, ndiyo maana naumia.

Mwingine atasema Wamarekani waliwanyang'anya wenyeji nchi yao kwanza, ndipo wakaigeuza mahali pa kupumzikia. Kweli tupu. Mwaka 1832 aliyemfikisha Schoolcraft, mpelelezi wa Kimarekani, kwenye ziwa lile ni Ozawindib, mwenyeji wa kabila la Ojibwe, na ziwa lilikuwa na jina lake tayari. Schoolcraft akaunga vipande vya maneno mawili ya Kilatini, akapata Itasca. Hatuwezi kujifanya hatuijui hadithi hiyo. Na kwetu nako wageni walikuja wakachukua, wakatoa majina. Jirani yetu kambini, bibi mstaafu, alikuwa na kikopo cha maua dirishani mwa RV yake: maua ya zambarau, majani mazito yenye manyoya laini kama sikio la mwanambuzi. Akaniambia ni ua la Afrika. Nikamwambia, mama, hilo ni la kwetu, la milima niliyokuwa naiona uani. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa eneo la Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina lake. Bibi yule alimwita mumewe aje asikie. Akanivunjia jani moja, akanionyesha namna ya kulichomeka kwenye udongo.

Lakini Wajerumani wameondoka zamani. Nani anatuzuia sasa? Msiniambie pesa. Kiingilio cha mwananchi hakitufilisi, na harusi tunazichangia mamilioni. Nakumbuka tulipojaribu, mimi na binamu zangu, kwenye geti la hifadhi moja nisiyoitaja, tukaulizwa: "Mmetumwa na nani?" Tukasema tumekuja kutembea tu. Mlinzi akatutazama kama wezi wa mbao. Mgeni mweupe aliyefika nyuma yetu alipewa karibu na kiti. Ila nyumbani nako tuliporudi shangazi aliuliza, "Msituni mlifuata nini? Kuna nani kule?" Nilikasirikia geti miaka yote hiyo, kumbe swali la shangazi ndilo lililonirudisha nyuma zaidi. Sisi tunasafiri kwenda kwa watu. Mahali pasipo ndugu, msiba wala ngoma tunapahesabu kuwa hapana kitu.

Hata huku pori halikujilinda lenyewe. Sheria ya kuanzisha hifadhi ya Itasca ilipita mwaka 1891 kwa tofauti ya kura moja. Mwaka 1903 msimamizi wake alikuwa Mary Gibbs, msichana wa miaka 24. Wakata magogo walikuwa wameziba maji kwa bwawa, ziwa likajaa na miti ya ufukweni ikawa inakufa. Akawaendea kudai wafungue, wakamtishia bunduki. Wanangu sasa wanamtaja kama shangazi yao. Walioulinda Zigi ni nani? Lazima wapo, wazee wa Kisambaa walioacha vilele visikatwe. Siyajui majina yao, na wanangu watayapata kwa nani?

Tulipofika penye mtandao nilimpigia kaka Muheza. "Kaka, Desemba tunakuja, nataka tupande Amani tulale siku mbili." Akanyamaza kidogo. "Dada, kwani kuna nani kule?" Nikamwambia watoto wanataka kuona Zigi unapoanzia. Akanyamaza tena, safari hii muda mrefu, kisha akasema hata yeye hajui. Ameahidi kuwauliza wazee wanaoshuka na iliki sokoni. Jani la bibi nimeliweka dirisha la jikoni, limeanza kuchipua. Nasubiri simu ya kaka.