Mwandishi na mwigizaji nao ni wafanyakazi

Kila uchumi unapoyumba, panga la bajeti huangukia pale pale: maktaba, makumbusho, tamthilia, ruzuku za waandishi. Tunaambiwa wananchi wanataka kazi na chakula kwanza, sanaa ingoje. Siikubali hoja hii hata kidogo, na Marekani ya miaka ya 1930 inanipa sababu.

Mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya nchi ile haikuwa na ajira. Rais Franklin Roosevelt alipounda WPA, shirika la serikali la kuwapa kazi wasio na ajira, mwaka 1935, chini ya Harry Hopkins, serikali haikuishia kugawa misaada. Iliajiri watu yenyewe. Hadi shirika linavunjwa mwaka 1943, watu wapatao milioni 8.5 walikuwa wamelifanyia kazi, wengi wao wakijenga barabara, madaraja, shule na viwanja vya ndege. Fungu dogo la fedha hizo likaenda kwa waigizaji, wanamuziki, wachoraji na waandishi. Hopkins alipobanwa kwa nini, alijibu kwamba hata wao wanahitaji kula.

Jibu hilo ni uchumi mtupu. Mwigizaji akikosa mshahara, mwenye nyumba anakosa kodi, fundi cherehani anakosa mteja. Matumizi ya mmoja ndiyo kipato cha mwingine. Kwa hiyo wanaofananisha bajeti ya taifa na ya familia wanatupotosha: mzazi akipunguza matumizi nyumbani mshahara wake haushuki, lakini serikali ikibana wakati kila mtu amekwisha kubana, makusanyo yake ya kodi nayo yanaporomoka. Mwaka 1937 Roosevelt alishawishika kwamba hali imetengemaa, akapunguza matumizi. Benki kuu nayo ilikuwa imekaza masharti kwa mabenki. Mwaka uliofuata ukosefu wa ajira ukapanda tena.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kile ambacho mishahara ile ilizalisha. Kati ya mwaka 1936 na 1938, waandishi walioajiriwa katika mradi wa waandishi wa WPA walitumwa kuwatafuta wazee waliozaliwa utumwani. Waliongozwa na orodha ya maswali iliyoandaliwa na John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo na simulizi za jadi: ulizaliwa wapi, mlikula nini, mlilala wapi, ulifanya kazi gani. Swali mojawapo liliuliza kama mtumwa aliwahi kupata fedha yoyote, kwa njia gani, na alinunua nini. Ebu fikiria mzee aliyetumikishwa utotoni bila ujira, ameketi akijibu swali hilo mbele ya mtu anayelipwa na serikali ili aandike jibu lake. Shuhuda zaidi ya 2,300 zilikusanywa, na ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani hadi leo.

Zina kasoro, na wanahistoria wameieleza vizuri. Waandishi wengi walikuwa Wazungu, na katika majimbo ya Kusini yenye ubaguzi wa kisheria mzee Mweusi alikuwa na kila sababu ya kupima maneno yake. Hata hivyo utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, na mashahidi hawa wengi wao walikuwa wamepita miaka 80. Serikali ingesema ingoje uchumi upone ndipo igharamie historia, wangekuwa wamekwisha kufa. Hakuna bajeti ya baadaye ambayo ingewarudisha.

Katika mradi huo huo wa waandishi walipata riziki Zora Neale Hurston, Richard Wright na Ralph Ellison, wakati ambapo soko lilikuwa na nafasi finyu mno kwa mwandishi Mweusi. Sisemi shirika lenyewe lilikuwa la haki tupu: kwa kawaida liliajiri mtu mmoja tu kwa kila kaya, utaratibu uliowafungia nje wanawake wengi walioolewa.

Tamthilia ndiyo iliyopigwa kwanza. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Martin Dies iliutuhumu mradi wa tamthilia kuwa maficho ya wakomunisti. Mwaka 1938 mkuu wake, Hallie Flanagan, aliitwa kuhojiwa, na mbunge Joe Starnes akamuuliza kama Christopher Marlowe alikuwa mkomunisti. Marlowe, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alikufa mwaka 1593. Ajira za maelfu ya watu zilikuwa mikononi mwa wanaouliza maswali ya namna hiyo, na Juni 1939 bunge likazifuta.

Ninachodai basi ni kwamba fedha za utamaduni zijadiliwe meza moja na fedha za ajira, kwa vipimo vile vile tunavyovitumia kwa barabara: wangapi watalipwa, na umma utabaki na nini. Na zilindwe kwa sheria na mikataba ya miaka kadhaa, ili mbunge asiyependa mchezo fulani wa jukwaani asiweze kuwaachisha kazi wote waliouandaa.