Bwawa la kuogelea halikaushwi kwa siku moja

Mwezi wa tano, wageni wakishaondoka na kusi ikishika, majumba mengi ya ufuoni hapa Malindi hufungwa. Ndipo mabwawa humwagwa. Mwaka jana nilipita nyuma ya jumba moja bahari imekupwa, nikasikia harufu ya klorini kabla sijaona kitu. Bomba lilikuwa limepitishwa juu ya ukuta, maji yanateremka mchangani hadi kwenye vidimbwi vya mwambani, wanakotafutwa pweza. Katika kimoja, visamaki visivyozidi ukucha vilikuwa vimelala ubavu, vingine bado vinapumua kwa shida.

Nilimuuliza kijana aliyesimamia pampu. "Kaka, fundi wa vigae anakuja kesho. Nimeambiwa likauke leo."

Sikuweza kumlaumu.

Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, lina lita 48,000, yaani mitungi 2,400 ya lita 20. Klorini inayomfaa muogaji, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, humdhuru samaki hata ikipungua mara kumi. Na mbele yetu hapa ndipo ilipo hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968.

Dawa yake ni jua, nalo tunalo bure. Acha kutia klorini, ondoa turubai, ngoja wiki nzima. Kama ulikuwa ukitumia vidonge ngoja zaidi, maana vingi vina kemikali inayoikinga klorini na jua. Kisha pima kwa vile vikaratasi vya kupimia klorini, isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Hapo yamwage polepole kwenye nyasi za kiwanja chako mwenyewe, mbali na kisima cha jirani na shimo la choo, kwa sababu ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe hunywa maji upesi mno. Maji ya jakuzi, lile beseni la kuogea la maji moto, nayo yapoe kwanza.

Kinachonitisha zaidi ni dawa ya kuua mwani wa bwawani, ile yenye shaba. Shaba haitoki kwa jua hata ukingoja mwezi, na ni sumu kwa matumbawe. Afadhali usiinunue kabisa.

Enyi wenye nyumba, mlio Nairobi na mlio Italia, mkishapanga siku ya fundi wa vigae, mpigieni simu mtunza bwawa siku kumi kabla. Yeye hana mamlaka ya kumwambia fundi asubiri.