Mshipi unaogeuka springi

Nilianza kuvua samaki kwa mshipi wa nailoni nikiwa mtoto kule Tanga, wala sikuwahi kuulalamikia. Leo, nikiwa nimeketi juu ya ziwa lililoganda hapa Minnesota, Marekani, katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, mshipi wa aina ileile unanikera kuliko baridi yenyewe. Nailoni ikipoa hukakamaa na kung'ang'ania mviringo iliouzoea kwenye rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kiasi kwamba ukiutumbukiza mshipi katika tundu la barafu unashuka kwa mapindo kama springi, na chambo cha huku, yaani funza mdogo kama punje ya mchele, hakina uzito wa kuunyoosha. Samaki naye katika maji hayo hadonoi kwa pupa; hugusa tu, na mguso huo humezwa na mapindo kabla haujafika kidoleni.

Nilishauriwa ninunue mshipi wa kusukwa, ambao kwa kweli ni laini na haujikunji, lakini hakuna aliyenitajia kwamba hushika maji katikati ya nyuzi zake, ukitolewa nje huganda ukawa kama waya, na vijipete vya ufito wa kuvulia, ambamo mshipi hupita, huziba barafu hadi niviparuze kwa kucha huku glavu nimeing'ata menoni. Ule wa florokaboni, plastiki ya aina nyingine, haunyonyi maji, ila ni mkakamavu zaidi, na bei yake nisiitaje. Basi kabla ya kuvua nauvuta wa nailoni kwa mikono miwili, pima kwa pima, hadi unyooke. Baada ya nusu saa umejikunja tena.