Jani lililoanguka si taka

Kila nikirudi Tanzania hupitia chuo nilichosoma, na kinachonipokea getini ni moshi. Saa kumi na mbili asubuhi akina mama wenye mafagio ya chelewa wanakuwa wameshamaliza chini ya miembe yote, majani yamekusanywa lundo lundo na kiberiti kimeshawashwa. Ardhi inabaki nyekundu, tupu, na mistari ya fagio juu yake. Huo ndio usafi tuliolelewa nao. Nami nilikuwa na macho hayohayo hadi nilipohamia Davis, California.

Davis si peponi. Mvua yao haifiki nusu ya mvua ya Dar es Salaam, na kuanzia Juni hadi Septemba ni nadra kuona tone. Bila mabomba, sehemu kubwa ya kijani unachokiona kwenye picha isingekuwepo. Mwaka 2015 ukame ulibana hadi Gavana Jerry Brown akaagiza miji ipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 25. Maji ni ya shida, kwa hiyo udongo wanautunza.

Chuo Kikuu cha California hapa Davis kina bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1936 kandokando ya mkondo wa zamani wa kijito cha Putah. Napita humo nikienda kazini. Chini ya miti utakuta vipande vya matawi yaliyosagwa, vimetandazwa vikachanganyika na majani yaliyodondoka yenyewe. Agosti ya mwaka wangu wa kwanza nilichutama chini ya mwaloni mmoja nikafukua kwa vidole. Juu palikuwa pakavu kama makumbi ya nazi. Nilipofika kina cha kiganja nikagusa udongo mweusi, baridi, wenye unyevu, na vijizizi vimeshikana humo kama nyuzi. Jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga yai. Nilikaa pale kwa muda, nikiuwaza mwembe wetu wa vimbwete, yale mabenchi ya zege ya kukalia chuoni.

Mwembe huo uko kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Nilipoingia mwaka wa kwanza, ulikuwa ukikaa kwenye kimbwete miguu inakanyaga ardhi vizuri. Leo msingi wa zege umebaki juu, mtu mfupi miguu inaning'inia, na mizizi ya mwembe imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Kila masika maji yanateremka pale bila kizuizi, yanabeba udongo, yanaziba mitaro. Mitaro inazibuliwa kwa fedha. Kisha linakuja lori la udongo wa bustani, nalo kwa fedha. Na majani ambayo yangeushikilia udongo huo yalishakuwa majivu asubuhi.

Wapo watakaosema wenzetu wana utaalamu. Mimi hilo silikubali. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna mabwawa ya kusafishia maji taka, na wahandisi wetu wametafiti kwa miaka jinsi matete yanavyoweza kuyachuja maji hayo. Mwaka 2021 chuo cha Davis kilileta kondoo wale nyasi badala ya mashine, samadi ikabaki hapohapo, na watu wakaja kuwatazama. Mfugaji gani wa kwetu halijui hilo?

Shida ninayoiona iko kwenye mkataba. Mzabuni wa usafi analipwa kwa eneo lililofagiliwa, na msimamizi akipita akaona jani, anakata malipo. Mti hauna mtu wa kuusemea kwenye karatasi ile. Mtunza bustani naye anahesabiwa kuwa mfagiaji, hata kama ameishi na miti hiyo miaka 20.

Mwezi wa nne nilimkuta mzee mmoja wa bustani akisukuma toroli. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini wanachoma.

"Mwanangu, mimi kwangu Kibamba sichomi hata jani moja. Yote natia kwenye migomba. Njoo uone mikungu yake. Lakini hapa nikiyaacha chini, naandikiwa barua."

Niliumia. Nilisafiri mbali nikachutama chini ya mwaloni wa watu ili nijifunze jambo ambalo mzee huyu analifanya kila siku nyuma ya nyumba yake, na saa moja kasoro asubuhi analipwa ili afanye kinyume.

Kwa hiyo naomba, kwa yeyote anayekaa kwenye kamati ya zabuni ya chuo chochote kwetu: njia na ngazi zifagiliwe, plastiki ziokotwe, ila majani chini ya miti yaachwe, na matawi yanayopogolewa yatandazwe hapohapo. Maneno yenyewe hayajazi mistari mitatu. Na kabla hamjayaandika, mwiteni mzee wa toroli aje akae mezani.