Bagamoyo: mistari ya utafiti wa gesi ipite wapi?

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba gesi imepatikana bonde la Ruvu, mkoani Pwani, utafiti wa mitetemo wa 3D, yaani kuitetemesha ardhi na kusikiliza mwangwi wake ili kupata picha ya miamba ya chini, si jambo la kuwaachia wataalamu peke yao. Mabishano mengi huwa ya fidia ya mazao yanayofyekwa. Kwangu mimi yanachelewa, kwa sababu ukubwa wa hasara huamuliwa siku mhandisi anapochora mistari kwenye kompyuta, kabla kigingi cha kwanza hakijachomekwa shambani.

Mistari ni ya aina mbili, inakatana. Mmoja una jiofoni, vile vipokezi vinavyosikiliza ardhi; mwingine una malori ya kutetemesha au baruti ndogo za kwenye mashimo. Mistari ikiachana mita 400 kila upande, kilomita moja ya mraba hupitiwa na kilomita 5 za njia. Zikifyekwa kwa upana wa mita 3, imekwenda hekta moja na nusu. Ikiachana mita 200, ni hekta 3. Mkulima wa nanasi wa Kiwangwa haoni hesabu hapo, anaona matuta yake.

Basi si iachanishwe zaidi? Hapana, mhandisi naye ana hoja nzito. Kwenye mita 400, kuna sehemu ambako umbali mfupi kuliko wote kati ya chanzo na kipokezi hufika takriban mita 566. Matabaka ya juu hupotea hapo, na kosa la juu hushuka na picha hadi chini. Halafu kuna kelele: kusi ikiitikisa minazi, mizizi hutikisa udongo na jiofoni huandika yote. Dawa yake ni kuisikiliza sehemu ileile mara nyingi, yaani mistari iwe mingi, na hata ukisikiliza mara nne zaidi, usafi wa picha huongezeka mara mbili tu. Picha mbovu huzaa kisima kikavu, chenye kiwanja chake, barabara yake na mashimo yake ya tope.

Wanachokosa kuelezwa wananchi ni pindo, ule ukanda wa ziada unaolizunguka eneo. Mwamba ulioinama hautupi sauti moja kwa moja juu, huitupa pembeni, kwa hiyo lazima vipokezi vivuke mpaka wa eneo linalotafutwa. Eneo likiwa la kilomita 10 kwa 10, kina kilomita 3 na mwinamo nyuzi 30, unaongeza kama kilomita 1.7 kila upande. Kilomita za mraba 100 zinakuwa kama 180! Mwenye shamba la pindoni anafyekewa mikorosho ilhali hakuna anayetarajia gesi chini yake. Uchungu wake ni wa haki. Lakini ukilikata pindo unatia ukungu kingo za picha, na kingo ndizo zinazosema hifadhi ya gesi inaishia wapi.

Mimi nasimama na pindo libaki, ila mistari isitendewe sawa. Jiofoni zisizo na nyaya hubebwa begani, zinapita kwenye kijia cha miguu na kuzunguka mti. Linalohitaji njia pana ni lori. Weka mistari ya vipokezi kila mita 200 na ya malori kila mita 400: ufyekaji mpana unashuka hadi robo tatu ya hekta kwa kilomita ya mraba, na ule umbali wa mita 566 unakuwa takriban 447. Shamba linapona zaidi na picha inakuwa bora. Gharama ipo: vifaa ni vingi, betri ni za kubadilisha, na nyingi ya jiofoni hizo hazitoi data papo hapo, kwa hiyo iliyokufa asubuhi huenda ukaijua wakati wa kuzikusanya.

Ramani hiyo ifike mkutano wa kijiji ikiwa bado inaweza kubadilishwa, pindo limepakwa rangi yake. Na msimu ujadiliwe hapohapo. Masika malori yanazama; mwisho wa mwaka watu wako kwenye korosho. Inabaki Juni hadi Agosti, kusi ikivuma. Kazi ikifanywa alfajiri, upepo umetulia, kambi itakaa siku nyingi zaidi, na siku hizo alipe mwenye leseni.